Mshale wa Tangi la Kushoto

Jumatatu ile rubani aliwasha umeme wa ndege ndogo, akatazama vipimo vilivyo mbele yake, akashuka bila kugusa injini. Mshale wa mafuta wa tangi la kushoto ulikuwa umelala kwenye sifuri. Alipanda juu ya bawa, akafungua kifuniko, akatumbukiza kijiti cha kupimia. Tangi lilikuwa na mafuta zaidi ya nusu. Safari ya Pweto, mji wa ziwani kaskazini, ikasogezwa hadi baada ya chakula cha mchana.

Shefu, Mbelgiji aliyekuwa fundi mkuu wa hangari yetu, hakupandisha sauti. Alisema mshale haufi wenyewe siku ya Jumapili. Kuna mtu aliyeuharibu wakati wa usafi wa Jumamosi. Kama hadi mchana haujapona, kipimo kitang'olewa na kutumwa Léopoldville, ndege italala wiki nyingi, na mtu huyo ataandikiwa maneno katika kitabu chake cha kazi. Kisha akaingia ofisini kupiga simu.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Hakuna aliyenitaja, lakini Jumamosi nilishughulikia mabawa yote mawili peke yangu.

Nilikuwa na miezi mitatu tangu nitoke shule ya ufundi ya mafrère, watawa wa Kikatoliki, na diploma ya umeme. Kitabu changu cha kazi kilikuwa na mstari mmoja tu wa wino. Baba, aliyetoka kaskazini ujanani kuja kufanya kazi ya reli, alikuwa akikifungua kila Jumapili baada ya misa na kuusoma mstari ule kana kwamba wiki ilikuwa imeurefusha. Neno baya likiandikwa humo, lingenitangulia katika kila mlango: migodini, kwenye reli, kwenye karakana za mjini. Nilianza kuhesabu milango hiyo kabla Shefu hajamaliza kufunga wake.

Nilichukua kipande cha mfuko wa saruji, nikachora njia ya umeme kwa penseli. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye kipimo, unafuata waya ndani ya bawa hadi kifaa chenye boya juu ya tangi, kisha unarudi kwenye betri kupitia mwili wa ndege wenyewe. Pembeni niliandika sababu zinazowezekana. Zilifika kumi na moja. Ya tisa ilikuwa kwamba nilikipumulia kioo cha kipimo nilipokuwa nakipangusa, unyevu ukaingia. Nilikuwa naifikiria hiyo ya tisa kwa uzito mkubwa pale kivuli kilipoangukia karatasi yangu.

Alikuwa mwenzangu wa hangarini, mtu wa makamo aliyeendesha kamio, lori la mizigo, miaka mingi kwenye barabara ya Mitwaba kabla ya kuja kwetu kujaza mafuta na kusukuma ndege. Hakuwahi kuona mlango wa shule ya ufundi, na hakuniacha nisahau kwamba mimi niliuona.

"Bwana Diplome," alisema, "ile mushale itapona juu ya kuandika?"

"Ninatafuta sababu, yaya," nilisema, nikimwita kaka mkubwa kwa heshima ya umri wake.

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Aba! Kamio yangu ilikuwa na sababu moja tu, na ilikuwa inakufwa kila siku." Alichuchumaa. "Kuya tuone kama kipimo iko muzima. Unachomoa waya kule ku tangi, unaigusisha ku chuma ya ndege. Mushale ikipanda, kipimo na waya biko bizuri. Njo vile tulikuwa tunafanya mu njia, mu matope, hapana karatasi."

Nilijua jaribio hilo. Lilikuwa katika daftari langu, ukurasa wenye mchoro mzuri. Lakini kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, mmoja wetu alipaswa kuutazama mshale, na sisi Weusi tulikatazwa kukaa kwenye kiti cha rubani. La pili lilikuwa cheche karibu na petroli.

"Iko esansi ndani, yaya. Cheche moja tu."

"Kamio pia iko na esansi."

"Na haikuwaka moto?"

Alifikiri kidogo. "Mara moja. Lakini ile ilikuwa ya mwenzangu."

Basi tulifanya kwa utaratibu wangu, naye akacheka muda wote. Nilivuta ndoo ya mchanga karibu. Nilifungua kifuniko kidogo cha juu ya bawa, nikachomoa waya wa boya, nikaufunga imara kwenye bolti ya chuma umeme ukiwa bado umezimwa, ili kusiwe na kugusanisha. Yeye alipanda kwenye bawa, akapiga magoti mlangoni, akaingiza kichwa na mabega ndani huku miguu yake ikibaki nje.

"Kukaa njo walikataza," alisema akiwa humo ndani. "Kuchungulia, sheria haijasema kintu." Nikasikia swichi.

"Inapanda! Inapanda, mama! Imefika mwisho!"

Kipimo kilikuwa kizima. Waya ulikuwa mzima. Nilitaka kukaa chini, lakini tulikuwa tumefuta sababu sita tu. Alizima umeme. Nilirudisha waya mahali pake, kisha nikachukua kipande kingine cha waya, nikafunga ncha moja kwenye ganda la chuma la kifaa cha boya na nyingine kwenye bolti ile ile. Akawasha.

"Nusu na kidogo," alisema. Sawasawa na kijiti cha rubani.

Boya pia lilikuwa zima, basi. Kilichokosekana ni masi tu, yaani umeme kupata njia ya kurudi kupitia mwili wa ndege. Njia hiyo ilikuwa utepe mfupi wa shaba iliyosokotwa, uliobanwa kwa skrubu moja kando ya tangi. Niliutazama. Ulikuwa umebanwa vizuri, na chini yake bati liling'aa, safi kabisa. Nilipitisha ukucha pale. Mng'ao ukabanduka.

Ilikuwa rangi. Rangi yangu mwenyewe.

Kwetu hangarini, ukaguzi ulimaanisha rangi. Mkaguzi akitarajiwa, tulipaka ndoo, ngazi, vizuizi vya magurudumu, hata mawe ya kando ya njia. Jumamosi hiyo nilipewa kopo la rangi ya fedha kwa ajili ya sehemu za ndani ya vifuniko. Mtu mwingine angezungusha brashi kando ya utepe na kwenda zake. Mimi nilikumbuka frère wetu wa karakana, aliyetukataza kuacha chuma kikiwa uchi. Nikafungua skrubu, nikainua utepe, nikasugua bati kwa msasa, nikapaka rangi chini yake mara mbili, nikafunga tena. Niliifanya kazi hiyo kwa fahari.

Mwenzangu alishuka, akaona rangi kwenye ukucha wangu, akaelewa. Alitazama upande wa ofisi.

"Kwangula, funga, nyamaza," alisema kwa sauti ndogo. "Muzungu atajuaje? Mushale ilikufwa, mushale ilifufuka. Pasaka."

Nilikuwa nimeshaushika msasa. Nilikwangua hadi bati likawa tupu, nikabana utepe, akawasha, mshale ukasimama nusu na kidogo bila waya wa kuazima. Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimepaka rangi mabawa mawili.

"Kuume inafanya kazi," alisema kabla sijafungua mdomo. "Iachilie."

"Inafanya kazi sasa. Skrubu imekwangua rangi mahali fulani, pengine padogo kama ncha ya sindano. Ikitetemeka angani?"

"Mudogo yangu, weye utakufwa juu ya mawazo."

"Rubani anaweza kufa kabla yangu."

Bawa la kuume lilikuwa limekwisha kaguliwa, na bila amri ya Shefu hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Kwa hiyo nilikwenda ofisini. Kutoka kwenye bawa hadi mlango ule ni hatua arobaini hivi, na katika kila hatua nilitunga sentensi mpya ya kuanzia. Nilipofika sikutumia hata moja. Nilisema, "Shefu, ni mimi. Nilipaka rangi chini ya masi, mabawa yote mawili. Kushoto nimekwangua. Kuume sijafungua."

Alinitazama, akatazama kidole changu chenye rangi ya fedha, akachukua kisu chake cha mfukoni, akatoka. Alipanda bawa la kuume mwenyewe. Nilisimama chini nikimwona mgongo tu. Alifungua, akainua utepe, akachokoa chini yake kwa ncha ya kisu.

"Ilikuwa inashika kwa unywele mmoja wa chuma," alisema. Alikwangua, akafunga, akanipa kisu nikifute. "Nani alikufundisha kupaka chini ya masi?"

"Frère wa shule, Shefu. Chuma kisiachwe uchi."

"Frère yako alikuwa anatengeneza milango." Akaanza kushuka. "Hapa utaacha uchi pale nitakapokuonyesha."

Nilingoja sehemu ya pili, ya adhabu. Haikuja. Ikabidi niulize, kwa sababu nisingeweza kupitisha mchana ule bila kujua. "Na kitabu changu, Shefu?"

"Kitabu gani?"

Hakuwa anatania. Alikuwa amekwisha kusahau. Nilieleza, nikijilaumu kwa kumkumbusha, naye akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Mtu aliyeficha, ndiyo, ningemwandikia. Wewe nenda kapaki vifaa."

Ndege iliruka baada ya chakula cha mchana. Nilisimama kwenye nyasi kavu nikiifuata kwa macho mpaka ikawa kitone upande wa kaskazini, kisha kitone nacho kikaisha.

Ilirudi kesho yake, ikinuka samaki wakavu. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye gurudumu niliposikia rubani akimwambia Shefu kwa Kifaransa kwamba mishale yote miwili ilisema kweli njia nzima, kwenda na kurudi. Walipita bila kuniona. Nilikaa pale pale kwenye saruji, chini ya bawa, nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akaja kuuliza ni nani amenipa pombe asubuhi.