Kugeukia Mlimani

Kabla ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, mimi ndiye niliyewafundisha mpira vijana wa misheni yetu kule Mgeta, na sioni haya kusema kwamba niliwafundisha vizuri. Padri alikuwa ameleta mpira mmoja wa ngozi, akamkabidhi katekista, mzee aliyewahi kuwa askari. Mzee aliwapanga vijana kwenye uwanja wa misheni, mahali pekee pa tambarare, akawatembeza kwa gwaride asubuhi nzima, kushoto, kulia, kushoto, kulia, huku mpira wenyewe ameukumbatia kwapani. Nilicheka mbele za watu. Padri akaniambia kama najua zaidi niwachukue mimi, mpaka siku ya kucheza na mafundi wa reli mjini Morogoro. Tukishindwa, vijana wangerudi kwenye gwaride, nami ningerudi kubeba viazi kupeleka sokoni.

Viazi ndivyo vilivyonifundisha. Ukipanda mlima na mzigo kichwani, mbio ndefu hazikusaidii. Kinachokuokoa ni hatua tatu za kwanza, fupi na kali. Basi nikawapeleka vijana mteremkoni. Hatua tatu kupanda, kanyaga mpira, uvute, geuka, hatua tatu tena. Mpira ukikuponyoka unaporomoka hadi mtoni, na aliyeupoteza ndiye anayeufuata. Baada ya wiki mbili hakuna aliyetaka kwenda mtoni. Waligeuka na mpira ukiwa umewaganda miguuni, na mimi kichwa kikanivimba.

Mjini tulicheza kwenye kiwanja kilichokuwa kati ya reli na milima. Mwanzoni mafundi hawakuona tulikopita. Lakini haukupita muda, kila kijana wangu alipogeuka, alimkuta mtu anamsubiri. Wakatunyang'anya mpira mara ya nne, mara ya tano, kisha wakafunga bao. Nilikasirika, nikawafokea vijana kuwa ni wazito. Ndipo nikamsikia fundi mmoja akimpigia mwenzake kelele:

"Mkae upande wa mlima! Hawa wanageukia kwao tu!"

Ilikuwa kweli. Mteremkoni, anayegeukia bondeni anapoteza mpira, kwa hiyo miguu yao ilikuwa imezoea upande mmoja tu, wa juu. Kosa halikuwa lao hata kidogo. Lilikuwa langu.

Wakati wa mapumziko niliwakusanya, nikawaambia neno moja tu.

"Leo mlima umehamia relini. Bonde sasa liko kule kwenye milima."

Wakanitazama kama mtu aliyepigwa na jua, lakini walielewa. Mafundi walirudi wakajazana upande wa mlima, na vijana wangu wakawa wanageukia relini. Hatua tatu, na hakuna aliyewashika. Tulifunga mawili. Padri alinishika mkono mbele ya watu wote, akasema vijana ni wangu. Njia nzima ya kurudi waliimba, nami nikaimba nao, ila nilijua tulikuwa tumeshinda kwa ujanja wa siku moja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Safari nyingine mafundi wangesimama pande zote mbili, na vijana wangu bado hawakujua kugeuka ila kuelekea pale wanapoambiwa mlima upo. Hilo halikufundishika mteremkoni. Lilitaka mahali pa tambarare.

Kesho yake nikaenda kwenye uwanja wa misheni. Mzee katekista alikuwa anafagia peke yake.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema. Sikuwa nimewahi kumwita mwalimu.

"Marahaba. Umeshinda. Unataka nini tena kwangu?"

Nikamwambia nauomba uwanja, maana vijana wanajua upande mmoja tu, na lazima miguu yao ijue kushoto na kulia.

Alisimamisha ufagio.

"Kushoto na kulia," akasema. "Na mimi nilikuwa nawafundisha nini?"

Nikachukua ufagio wa pili, nikaanza kufagia upande wangu.