Barua ya Posa Niliyoinogesha

Nakiri mapema ili msinisumbue: niliambiwa ninakili barua ya posa ya kaka yangu, ninakili tu, neno kwa neno, na mimi nikaiboresha.

Barua ilitungwa na baba mkubwa, ndiye mshenga wetu, lakini mwandiko wake ni kama kuku amekanyaga wino akapita, basi mama akanipa karatasi nzuri na kalamu mpya, hapo nyumbani Miembeni, Bukoba, akaenda zake dukani. Nikafika kwenye "kijana wetu ana tabia njema, ni mcha Mungu na mchapakazi" nikasimama. Wiki hiyohiyo mwalimu wa Kiswahili alinirudishia insha yangu, chini ameandika kwa wino mwekundu: "Nimesoma mpaka mwisho sijamwona mtu. Mwonyeshe msomaji." (Alama sizitaji.) Nikajiuliza, hawa wakwe wa Kamachumu watamwonaje kaka kwa maneno ambayo hata beberu akitaka kuoa ataandikiwa? Nikaiondoa sentensi moja. Moja tu, jamani. Mahali pake nikaweka saba.

Jumamosi tukaenda, mimi nikiwa mbeba kreti la soda. Tukapokelewa vizuri, tukapewa kahawa ya kutafuna, kaka amekaa ndani ya suti ya kuazima hata hatikisiki, maana hii ilikuwa posa yake ya pili na ile ya kwanza ilimkondesha mwaka mzima. Baba wa binti akaomba barua isomwe kwa sauti. Baba mkubwa akavaa miwani, akaanza kama yuko mimbarini, hana wasiwasi kwa kuwa anajua alichoandika (alidhani), na alipoanza kushangaa alikuwa ameshachelewa, maana mbele ya wakwe sentensi ukiianza lazima uimalize:

"Kijana wetu huimba besi kwenye kwaya ya usharika, na wenzake wakimaliza yeye huendelea kidogo. Hupalilia migomba mpaka jioni, ingawa huongea nayo. Panya akiingia jikoni hupanda juu ya kiti na kumwita mama yake. Kabla ya binti yenu aliwahi kuposa kule Kanazi, barua ikarudi, lakini hakukata tamaa..."

Akanitazama juu ya miwani. Sebule nzima hakuna aliyetafuna. Kola ya suti ya watu ilikuwa imelowa.

Baba wa binti akaagiza binti aitwe, akamuuliza kama mambo haya anayajua. Dada wa watu akapiga magoti, akamjibu baba yake taratibu:

"Ya Kanazi aliniambia mwenyewe, tata. Ya panya alinificha."

Shangazi yake akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mzee hakucheka. Akasema kijana hawajamkataa, ila barua yenye panya haiwezi kulala kwenye nyumba yake, turudi mwezi ujao na nyingine iliyoandikwa na mtu mzima. (Soda walibaki nazo. Shangazi aliomba abaki na barua pia, akanyimwa.)

Njia nzima mpaka Bukoba kaka hakunisemesha, na hakunisemesha mwezi mzima, mpaka barua ya pili ilipopelekwa na mwandiko wa kuku wa baba mkubwa, tabia njema, mcha Mungu, mchapakazi, ikapokelewa bila swali hata moja. Ndipo nikaelewa kwamba mimi nilimwandikia mwalimu wangu, na mwalimu hakuwa na binti anayeposwa.

Lakini jioni ile ya kwanza ndiyo siisahau. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, baba mkubwa akamsimulia yote bila kuruka hata mstari, yeye anamenya tu. Mama alipomaliza ndizi ya mwisho akafuta kisu, akaniangalia, akasema:

"Kuanzia leo, kwenye nyumba hii utaandika vitu vya kununua sokoni, basi. Na chumvi uandike chumvi. Usiieleze."