Nilicheza mpira kwa umri wa dada yangu mpaka baba alipofungua mdomo

Wakuu, habari zenu humu ndani.

Nimekuwa msomaji wa kimya wa jukwaa hili kwa miaka mingi, leo ndiyo naanzisha uzi wangu wa kwanza. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nilichobadilisha ni majina tu, maana dada yangu naye anapita humu na ana ngumi nzito.

Niiteni Amani. Ni beki wa kati, nacheza soka la kulipwa hapa Marekani. Ligi ya chini, kwa hiyo msianze kuniomba jezi.

Asili yetu ni milima ya Kivu Kusini, Kongo, ila mimi nilizaliwa kambini Kigoma. Ndiyo maana Kiswahili changu kina Utanzania mwingi kuliko cha mzee wangu.

Twende.

Familia ilipokuwa inaandikishwa kwa safari ya Marekani, karani alikuwa na foleni ndefu. Wote akatupa tarehe moja ya kuzaliwa, Januari mosi. Hilo kwa wakimbizi ni la kawaida, halimshangazi mtu.

Tatizo ni kwamba mwaka wa dada yangu Neema aliniandikia mimi, na wangu akampa yeye.

Neema amenizidi miaka miwili. Kwenye karatasi, mimi ndiye kaka mkubwa!

Baba aliligundua kosa siku chache kabla ya kuondoka. Akaogopa kwamba akilitaja, faili letu litarudi chini kabisa na tutakaa kambini miaka mingine. Akatuita wawili akasema, "Munyamaze." Tukanyamaza.

Tukafikia Louisville, Kentucky. Mimi nina miaka sita, shule ikaniweka na watoto wa miaka minane. Neema wa miaka minane akawekwa na wa miaka sita, magoti yanagonga meza. Alilia wiki nzima. Mimi nililia zaidi, kwa sababu wenzangu walikuwa wananibeba kama begi.

Kuna vituko vilivyotokana na hili kosa nikiviandika vyote hatulali. Kimoja tu: mimi nilipata leseni ya kuendesha gari kabla ya Neema, na umri wangu halisi ulikuwa haujafika hata kumi na tano. Likizo nilikuwa nampeleka dada yangu mkubwa kazini, nimekalia mto ili nione barabara. Mpaka leo hajanisamehe.

Turudi kwenye mpira.

Kwenye apartments zetu Louisville kulikuwa na kiwanja cha nyasi, na fundi bomba mmoja Mmarekani alikuwa anatufundisha jioni, kwa mapenzi yake tu. Nilikuwa straika. Yaani straika wa kuanguka. Mtu akinipumulia, niko chini.

Siku moja akanitoa mbele akanipeleka nyuma kabisa. Akaniambia, "Wewe huwezi kushindana nao kwa nguvu. Simama hapa, uniambie mpira unakwenda wapi kabla haujaenda."

Basi nikawa napiga kelele, "Kushoto! Unakuja kati!" Mwanzoni nilikosea sana. Baada ya miezi kadhaa nikawa sikosei. Nafika kwenye mpira mapema, lile jitu ninalolikaba likifika linakuta nimeshautoa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa beki.

Kwenye mashindano fulani akademi moja ya Columbus, Ohio, ikaniona. Karatasi ilisema nina miaka kumi na mitano. Ukweli, kumi na mitatu. Mama alilia, baba akanibebea begi mpaka kwenye gari la watu wa akademi, nikaondoka nyumbani.

Wakanipangia kuishi kwa mama mmoja mstaafu, mtaa wa Clintonville, kaskazini mwa jiji. Nitamwita Bi Carol. Mama wa watu alikuwa ananipikia tambi mpaka nikaanza kuota ugali.

Mwezi wa pili tu, tunakula, jino langu la utoto likadondoka kwenye sahani. Gego kabisa.

Bi Carol akaliangalia, akaniangalia. "Amani, una miaka kumi na mitano?"

Wakuu, ukweli ulifika hapa kooni. Nikakumbuka baba. Nikasema, "Ndiyo, mama." Akaniongezea tambi, hakuuliza tena.

Miaka mitatu nilikaa pale. Nilijifunza kila kitu, ila mwili ulikataa. Wenzangu wana ndevu na mapaja kama magogo, mimi sauti bado inakatika katikati ya sentensi.

Mwisho wa mwaka wa tatu mkurugenzi wa akademi akaniita ofisini. Alikuwa mtu mstaarabu, simsemi vibaya. Akasema, "Hakuna beki hapa anayesoma mchezo kama wewe. Lakini una miaka kumi na minane sasa. Kwa umri wako mwili ungekuwa umeshafika. Hatuwezi kuendelea kuusubiri."

Kwa umri wangu!

Nilikuwa na kumi na sita. Sentensi moja tu ingetosha.

Nikamwomba dakika tano, nikatoka nje kwenye maegesho, nikampigia baba. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu, "Mutoto wangu, ukisema ile, batatuuliza tulidanganya nini ingine. Rudi nyumbani."

Nikarudi ndani, nikamshukuru mkurugenzi, nikafungasha.

Sitadanganya, nilimchukia baba. Mwaka mzima nilikuwa namjibu kwa Kiingereza tu, na yeye Kiingereza chake ni cha kazini.

Wakati huo familia ilikuwa imeshahamia Buffalo, New York. Mjomba alipata nyumba ya bei rahisi Black Rock, kule karibu na mto, akatuita. Baba akapata kazi kiwandani Tonawanda, nami nikaingizwa kiwanda hichohicho, kufunga maboksi. Asubuhi tunapanda gari moja, dakika ishirini, kimya. Redio ndiyo ilikuwa inaongea badala yetu.

Halafu likatokea jambo. Nikaanza kurefuka.

Siongelei kurefuka kwa kawaida. Suruali za mwezi wa tisa, mwezi wa kwanza zimekuwa za kuvukia mto. Mama anapika ugali na sombe, yaani kisamvu, nalamba mpaka sufuria. Jumamosi nachezea timu ya kanisa, na kwa mara ya kwanza maishani nikaruka na mtu mzima kupiga kichwa, na mtu mzima ndiye akaanguka.

Neema alikuwa anaangalia pembeni mwa uwanja. Akaenda nyumbani, akaniandikisha mtandaoni kwenye majaribio ya klabu ya kulipwa iliyokuwa inatafuta vijana. Nilijua siku mbili kabla.

"Sitaki," nikamwambia.

"Mimi nilirudishwa darasa la kwanza kwa ajili ya miaka uliyonayo," akasema. "Utakwenda."

Nikaenda. Alinipeleka yeye, sasa na yeye ana leseni.

Majaribio yalikuwa siku tatu. Walinipa straika mmoja mrefu, mwepesi, ameshacheza ligi huko nyuma. Alinitoroka mara moja siku ya kwanza, akafunga. Baada ya hapo nikamsoma. Siku ya tatu alikuwa ananiuliza, "Bro, unajuaje?"

Wakaniita kusaini mkataba.

Tukaenda wanne: baba na koti lake la Jumapili, mama, Neema wa kutafsiri, na mimi. Meneja akafungua faili, akasoma jina langu, akasoma tarehe ya kuzaliwa, akauliza kama kila kitu kiko sahihi.

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Nimeshazoea.

Baba akanishika mkono. Akasimama. Mzee wangu, ambaye kwenye ofisi za watu huwa anaongea na viatu vyake.

"Bon. Niko na neno," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa. "Ile mwaka munasoma haiko yake. Iko ya dada yake, huyu hapa, amemuzidi miaka mbili. Karani aliandika mubaya, mi niliona, nikanyamaza. Niliogopa batatuacha kule. Donc, kosa ni yangu. Isiwe ya mutoto."

Neema alianza kutafsiri vizuri tu. Alipofika "dada yake, huyu hapa" akakwama. Akajigusa kifua, akasema kwa Kiingereza, "Ni mimi," akalia. Mama akalia. Meneja akabaki anatuangalia kama watu tulioingia msiba usio wetu.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo ana miaka kumi na saba?"

"Kumi na saba," baba akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza.

Meneja akafunga faili. Akasema hawezi kusaini chochote mpaka karatasi zisahihishwe, na hawezi kuahidi nafasi itanisubiri.

Tukatoka. Ndani ya gari nilimwambia baba asante. Kwa Kiswahili.

Mwanasheria mmoja muumini wa kanisani kwetu akalichukua suala letu. Mchungaji wetu wa zamani, aliyetubatiza wote wawili kambini, akatupigia picha ukurasa wa daftari lake la ubatizo na kututumia kwa simu: jina langu, jina la Neema, siku tulizozaliwa. Ikachukua miezi mitano. Miezi yote hiyo klabu iliniruhusu kufanya mazoezi bila mkataba, na kila Jumatatu nilikuwa naogopa kuambiwa nisirudi.

Hakuna aliyetuita waongo. Hakuna aliyefukuzwa nchini. Afisa wa uhamiaji alisahihisha, akasema pole, akaita mtu mwingine.

Na kwa kuwa sasa kisheria nilikuwa mtoto, mkataba ulihitaji sahihi ya mzazi. Baba aliandika jina lake lote, herufi moja moja, hakuna aliyemharakisha.

Mechi ya kwanza niliingia dakika za mwisho. Nilipiga kichwa mara mbili, nikapewa kadi ya njano moja, tukatoka sare. Kwangu ilikuwa fainali.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ile miaka ya kuonewa na wakubwa ndiyo iliyonipa macho ya beki, siijutii. Ninaoujutia ni ule mwaka niliomnunia baba nikidhani ni mbishi, kumbe alikuwa anaogopa kutupoteza. Na hofu yake ilikuwa kubwa kuliko afisa mwenyewe ambaye baba alikuwa anamwogopa.

Neema sasa anasomea unesi. Anasema ananidai shikamoo za miaka yote hiyo.

Mkeka nimeutandika, wakuu. Kama nawe kuna kosa la karani lililokupangia maisha, la umri, la jina, lolote lile, ulilisahihisha au unaishi nalo? Na wazazi mlioficha jambo kwa kuwaogopea watoto, semeni kidogo. Nitawasoma wote, na mzee nitamsomea.