Mikono ya Kumwoshea Shoga Yangu

Kwa miezi mingi nililala nimevaa soksi mikononi. Zilikuwa soksi nyeupe za shule za mjukuu wangu, zilimbana miguu nikazichukua mimi. Kabla ya kuzivaa nilijipaka mafuta ya mgando viganja vyote na katikati ya vidole, mpaka mikono ikawa inateleza na kufukuta humo ndani. Taa ikishazimwa, mwili wangu siuoni, kanga siioni, naziona soksi mbili tu juu ya kifua changu. Zikijikunja, inanichukua muda kidogo kukumbuka kuwa ni mimi ninayezikunja.

Nilikuwa na sababu ya kujitesa hivyo.

Hapa Baleni nilikuwa naosha maiti za wanawake. Si kazi ya mshahara, niliipokea kwa mama yangu, nikaanza kwa kuchota maji, nikaja kushika kitambaa, mwisho nikawa mimi ndiye naitwa kwanza. Shule niliishia darasa la nne na niliyofundishwa mengi yamenitoka. Majina ya niliowaosha hayajanitoka hata moja, yao na ya baba zao, wa kwanza mpaka wa mwisho. Hapa siyaandiki, maana wana watoto na wajukuu.

Shoga yangu aliniapisha zamani, tungali na nguvu. Tulivunja ungo mwaka mmoja, tukaolewa miezi mitatu kupishana. Tumboni alikuwa na alama kubwa ya moto aliyoachiwa na mume wake, mtu ambaye wanawe mpaka leo wanamtaja kwa heshima. Alama ile niliijua mimi tu. Akaniambia, "Nikifa asinivue nguo mtu mwingine. Wengine wataona, wataona tu, halafu watasema. Wewe ukiona unanyamaza." Nikamwambia ndiyo. Nikala kiapo.

Ngozi ilikuja kuniharibikia nimeshakuwa bibi. Ilianza kwenye viwiko, ikaja magotini, kichwani, mwisho viganjani. Mabaka mekundu, juu yake magamba meupe kama ya samaki aliyekauka. Nikiamka asubuhi nakung'uta shuka, naona nimejimwaga. Wengine waliita pumu ya ngozi, wengine wakasema nimeokota cha watu huko kwenye maiti. Siku moja tulikuwa tunamwosha bibi mmoja, gamba likanidondoka kutoka kidoleni, likatua kifuani kwake. Alikuwa mweusi hasa, lilionekana vizuri. Tuliinama pale watatu, hakuna aliyelitoa. Nililitoa mwenyewe.

Tulipotoka, mdogo kuliko wote katika waoshaji akaniita pembeni. Ni mtu wa adabu, niliyemfundisha kazi mwenyewe.

"Mama, sasa pumzika. Uwe unatuchotea maji."

"Hii haiambukizi."

"Najua haiambukizi, mama. Lakini wenye maiti wana macho."

 Nilichota maji misiba mitano. Ndipo shoga yangu akavimba miguu, wanawe wakampeleka hospitali Kilindoni, wakaambiwa moyo umepanuka, wakarudi naye na mfuko wa vidonge. Wiki hiyo hiyo nilipanda bodaboda nikaenda kumwona daktari kwa ajili ya ngozi yangu.

Alikuwa binti wa bara, mpole. Alinishika viganja bila kuvaa glavu, na hilo peke yake lilinitoa machozi. Akasema jina lake ni soriasisi, haitokani na uchafu wala na wafu, na haiishi, ila hutulia. "Bibi, ngozi yako imezeeka, haina mafuta yake tena. Usiku ndio inaumia na usiku ndio inapona." Akanipangia. Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Dodoki nitupe. Nijifute kwa kugusagusa tu. Dawa ya tyubu kidogo, kwenye mabaka peke yake. Halafu mafuta ya mgando mengi, ngozi ikiwa bado na majimaji, soksi juu, nilale.

"Nitapona lini?"

"Una haraka ya nini, bibi?"

Nikaifunga dawa yake kwenye pindo la kanga, nikaaga.

Basi nikaanza. Nakaa ukingoni mwa kitanda, beseni miguuni, naanza na mkono wa kulia, kidole kwa kidole. Ili nisifanye kwa pupa nilikuwa nataja majina. Kidole gumba jina, cha shahada jina, mpaka kidogo, kisha mkono wa kushoto. Majina yalikuwa yananitosha vidole na yanabaki, yaliyozidi nayamalizia kwenye kidole kidogo cha kushoto. Niliyataja kwa sauti ya chini, kwa mpangilio niliowaosha, na niseme kweli, chumba kilikuwa kinajaa. Sikuona mtu. Lakini mafuta yalipokuwa yanaingia kwenye nyufa nilijua yupi alikuwa na ngozi kavu, yupi alikuwa laini kama mtoto, yupi nilimkunjua vidole akakunja tena. Mikono ilikuwa inakumbuka yenyewe.

Mwezi wa pili nyufa zilijifunga. Wa tatu magamba yakawa hayaonekani mpaka uangalie kwenye jua. Kila nilipokwenda kwa shoga yangu kumwonyesha nilimkuta amepungua. Nyufa za kidole gumba ziliisha siku aliyoacha kula wali. Kiganja cha kushoto kilipokuwa safi chote, alikuwa hawezi tena kufika chooni bila kushikwa. Niliona, nikajikataza kuona. Jirani yake mmoja naye aliona, maana alinitazama mikono akaguna, "Mwenzetu wewe unang'aa," halafu akatazama kitandani.

Usiku mmoja nipo kwenye kidole kidogo cha kushoto. Nimeshataja wa mwisho niliyemwosha, hakuna mwingine baada yake. Mdomo wangu ukaendelea. Ukataja jina la shoga yangu, na la baba yake, kwa sauti ile ile, kwa zamu yake, kama aliyekwisha kwenda.

 Nje hata mbwa hakubweka. Nikasikia kama watu wengi wameacha kupumua kwa pamoja ili wasikie vizuri. Nikafuta mafuta kwa kanga, nikafuta tena, nikazitupa soksi chini ya kitanda.

Tangu hapo sikupaka. Wala dawa wala mafuta. Siku ya nne muwasho ulirudi, ya saba viganja vikapasuka, nikawa nashika mwiko kwa ncha za vidole. Na yeye akainuka. Naapa, siku ya nane nilipita nikamkuta amekaa nje kwenye mkeka, anachambua mchicha, anamtukana kuku. Nilirudi nyumbani natembea upesi, nimeficha mikono kwenye kanga, nafurahi na naogopa, sijui kipi kilizidi.

Siku ya kumi na moja akamtuma binti yake kuniita.

"Shikamoo mama. Anakutaka. Amesema uje na mafuta yako."

"Marahaba. Mafuta ya nini?"

"Mimi sijui, mama. Mkali leo."

Nilimkuta kaegemea mito kitandani, midomo imeingia rangi ya zambarau. Akamtoa binti yake, akasema funga mlango.

"Toa mikono nje ya kanga."

Nikatoa. Akaitazama muda mrefu.

"Umeacha."

"Yanawasha, nimechoka."

"Muongo wewe tangu usichana. Umeacha kwa sababu yangu."

Nikamweleza. Usiku ule, kidole kidogo, jina lake. Nilidhani ataogopa. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo umenizuia nisife. Kwa magamba."

"Si umeinuka?"

"Nimeinuka siku tatu nikachambua mchicha! Shoga, usiku nakaa kitako nahema mpaka alfajiri, nikilala nazama. Unataka nikae hivyo mpaka lini? Na siku ikifika, na mikono yako hiyo, wakukalishe nje kwenye ndoo, anivue nani? Nani atanyamaza?"

Nikasema siwezi. Nikasema nikipaka nitakuwa namwita kwenye kifo.

"Lete hayo mafuta."

Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Akaanza kunipaka yeye, mkono wa kulia kwanza, taratibu, akipumzika kila kidole. Akaniambia taja. Nikataja. Alikuwa anawajua wote, akawa anaguna, "Huyo," "Aa, huyo naye." Tulipofika kidole kidogo cha kushoto nikafunga mdomo. Akanisubiri. Nilipokataa kabisa akakibana kidole changu kati ya viwili vyake, akalitaja mwenyewe jina lake, na la baba yake, bila kutetemeka. Kisha akaniambia, "Kavae soksi zako, ulale."

Nikarudi kwenye beseni langu. Alikaa wiki tano tena. Siku walipokuja kugonga, kabla ya sala ya alfajiri, mikono yangu ilikuwa safi haina doa.

Wenzangu walikuwa wameshatundika shuka pande zote. Yule mdogo akanitazama viganja, akavigeuza, akanipisha. Niliwaomba wawili wale washike shuka kwa nje, wanipe maji kwa mkono tu. Maji yenye majani ya mkunazi, halafu maji matupu, halafu yenye karafuu maiti. Nikapitisha kitambaa chini ya nguo ya kumsitiri, pale tumboni, nikaisikia alama ile kwa vidole, pana kuliko nilivyoikumbuka. Hakuna aliyeona. Mimi nimeona, nami nimeandika hapa kwa sababu jina lake silitaji, na mwenye kuwaza ni nani awaze.

Tangu siku hiyo mabaka yamerudi viwikoni, magotini, mgongoni, mabaya kuliko mwanzo. Mikononi hayakurudi. Dawa ilikwisha, mafuta nimeacha, nimefua mabeseni mazima ya nguo kwa sabuni ya mche nikijaribu kuvichubua viganja, lakini vimebaki laini, havina mikunjo ya umri wangu. Daktari ananiambia hutokea. Yule mdogo hunitumia ujumbe kila akifa mtu, nami naenda naosha, na wenye maiti wanaisifu mikono yangu.

Ila usiku, nikigeuka usingizini, mkono ukaniangukia shavuni, nashtuka. Unakuwa wa baridi kidogo, kama vidole vya shoga yangu siku ile ya mafuta. Nauliza, "Nani?" Halafu natulia, nasikiliza.