Mshale Uliotazama Tangi

Uvumilivu wangu uliishia juu ya stuli, mtoto mgongoni, kichwa kimeingia kwenye mdomo wa tangi, nachota maji kwa ndoo yenye kamba. Chini yangu pampu mpya ilikuwa inanguruma kwa bidii zote, na bomba la jikoni halitoi hata tone. Mama mkwe alinishikia simu ili fundi aliyeifunga anisikie vizuri.

"Hiyo ni hewa tu, dada."

"Hewa wiki tatu?"

"Iache iungurume, itazoea."

Itazoea! Kama ng'ombe mgeni zizini.

Tangi hilo la maji ya mvua ndilo tegemeo letu hapa Pito mpaka Novemba. Zamani lilikuwa na koki chini: unafungua, unakinga, umemaliza. Fundi wa duka lililotuuzia pampu akaing'oa ili aiunganishe, maana nilitaka kuwa mama wa kisasa, nifungulie maji jikoni. Basi nimekuwa wa kisasa. Maji ninayo, ila kuyapata lazima nipande na mtoto anayenipiga mateke ya mbavu.

Na majaribio yalifaulu, msidhani! Mwezi wa nne, mvua inamwagika, tangi limejaa mpaka linatapika. Fundi akabonyeza swichi, akafungua bomba, maji hayo! Nikapiga kigelegele, nikasaini karatasi ya makabidhiano.

Nilishuka kwenye stuli, nikakata simu. Mama mkwe akauliza taratibu, "Mkwe wangu, siku ile ya majaribio, si ndiyo ulimpigia mwanangu shati pasi ya mkaa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini ya mkaa?"

"Si umeme ulikuwa ume..."

Tukatazamana.

"Sasa yule aliwasha nini?" akasema, akacheka mpaka kanga ikamwanguka.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Tangi limejaa, maji yako juu kuliko bomba la jikoni, yakateremka yenyewe. Pampu ilikaa pale kama mgeni rasmi, nasi tukaipigia makofi. Maji yalipopungua chini ya kimo cha bomba ndipo ikaitwa kazini.

Nikaifuta vumbi kwa kitambaa. Ubavuni ina mshale unaoonyesha maji yaelekee wapi. Mshale ulikuwa unatazama tangi. Wiki tatu maskini pampu inapambana kurudisha maji yalikotoka, na mimi naitukana. Nikampigia tena fundi.

"Huo mshale ni urembo wa kiwandani, dada."

Nimeishia kidato cha nne, sikusomea ufundi. Lakini mshale naujua. Nikamwachia bibi yake mtoto, nikaandika barua, nikaipeleka dukani mwenyewe, na sikuondoka mpaka nakala yangu igongwe mhuri.

"YAH: PAMPU ILIYOFUNGWA KINYUME

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Fundi wenu aliijaribu pampu yangu siku ambayo umeme haukuwepo, nami nikasaini kwa ujinga wangu. Saini hiyo naifuta. Naomba aje aigeuze na airudishe koki ya chini. Majaribio yafanyike siku ya jua, umeme ukiwepo, tangi likiwa nusu, bomba nikilifungua mimi. Mpaka hapo, fundi afike kwangu kila asubuhi, apande stuli, achote ndoo sita. Mtoto wa kubeba mgongoni nitamwazimisha wa kwangu."