Saa Feki Niliyoichagua kwa Makini Ilimponza Mume Wangu

Kosa ni langu. Naanza hapo kabisa, ili mtu asipoteze muda kumtafutia mume wangu lawama. Mimi ndiye niliyenunua saa feki, mimi ndiye niliyesema ni orijino, na mimi ndiye niliyeshindwa kusema neno moja pale neno moja lilipohitajika. Jamani, acheni niseme, kifua kimejaa!

Jina langu halitawasaidia kitu. Mimi ni Mkenya niliyeolewa hapa Kampala, nina kibanda cha mikoba sokoni Nakawa. Juu ya kibanda nimeandika kwa rangi nyekundu: ORIJINO TU. Msinicheke! Mikoba yangu mingi ni orijino kweli. Hiyo mingine, Mungu anaijua.

Mume wangu ni mtu wa kaskazini. Alikuwa jeshini, akatoka, akaingia kazi ya ulinzi. Mtaa mzima humwita Afande, na mimi pia humwita hivyo nikiwa na shida ya kuomba. Ni mtu wa maneno machache. Viatu vyake hung'aa hata siku ya mvua.

Mwaka jana walimpandisha cheo, akawa mkubwa wa walinzi wote kwenye ghala moja la betri za sola kule viwandani. Nilifurahi kupita yeye! Nikasema huyu sasa lazima avae kitu ambacho akinyoosha mkono kusaini kitabu cha geti, watu wanyamaze.

Basi nikaingia mtandaoni. Kuna kundi moja la wauzaji, mfanyabiashara mwenzangu wa sokoni ndiye aliyeniingiza. Humo hawajifichi. Wanakuambia waziwazi kwamba saa ni kopi ya saa za kifahari za Uswisi, halafu kabla ya kukutumia wanakupigia picha za ile ile utakayoletewa, si ya mwingine. Unaikagua kwenye simu. Ukiridhika unaandika "sawa", wanafunga mzigo. Usiporidhika wanakutafutia nyingine.

Haki ya Mungu, sijawahi kukagua kitu maishani mwangu kama nilivyokagua saa ile. Hata mume wangu mwenyewe sikumkagua hivyo! Nilivuta picha mpaka simu ikapata moto. Ya kwanza niliikataa kwa sababu tarehe ilikaa kushoto kidogo ndani ya kidirisha chake. Ya pili alama ya kumi na mbili ilikuwa imepinda, mpindo mdogo sana, wa unywele. Muuzaji akaniuliza kama mimi ni polisi. Ya tatu ndiyo niliyoipitisha. Herufi zilikuwa safi, kioo safi, na kwenye video mkono wa sekunde uliteleza, haukuruka. Nikaandika "sawa". Halafu nikafuta picha zote na mazungumzo yote, Afande asije akayaona.

Mzigo ulifika pamoja na mikoba yangu, nikauchukua Kisenyi kwa wakala.

Siku ya kumpa tuliwaalika walinzi wenzake nyumbani, kuku wawili na soda. Aliitazama saa, akanitazama mimi.

"Eh, madamu! Hii mimi navaa wapi? Hii ni ya waziri!"

"Ni akiba yangu ya chama cha wanawake sokoni," nikasema. "Na ni orijino."

Kwa nini niliongeza hilo? Hakuna aliyeuliza! Wala sikuishia hapo. Niliwakusanya wote nikawapa somo. Angalieni mkono wa sekunde, feki huruka. Pimeni uzito, feki ni nyepesi. Oneni tarehe ilivyokaa katikati. Afande alikuwa akirudia kila neno polepole, kama mtu anayefundishwa bunduki mpya.

Baada ya miezi mitatu hivi, betri zikapotea ghalani. Si moja wala mbili, ni katoni kwa katoni, na makufuli hayakuvunjwa. Hapo kila mtu akaanza kumtazama mwenzake mikono. Na mkono wa mume wangu ulikuwa na nini? Mnajua.

Bosi wake hakupiga kelele. Alimwuliza tu saa ameipata wapi. Afande akajibu kwamba mke wake ndiye aliyemnunulia. Bosi akampeleka kwa fundi wa saa mmoja Old Kampala, Hajji wa siku nyingi ambaye matajiri wote wanamwamini. Hajji akaishika, akaipima kiganjani, akaweka kile kioo chake jichoni. Saa ya bei ile fundi hafungui kifuniko ovyo, na bosi alitaka jibu la haraka.

"Hii iko orijino kabisa, ssebo," Hajji akamwambia bosi kwa heshima. "Mimi hii kazi najua."

Afande aliporudi nyumbani alinisimulia kwa furaha! Alidhani ni habari njema. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, nikaiweka chini. Nilijua saa hiyo hiyo kwamba tumeisha, maana mlinzi mwenye saa ya bei ile ataulizwa pesa katoa wapi, lakini nikajiambia betri zitapatikana.

Hazikupatikana. Siku ya tatu nikaitwa mimi ofisini.

Ofisi ilikuwa ndogo. Bosi alikuwa nyuma ya meza, Afande ameketi kando kaweka kofia magotini, na pembeni alikuwa sekretari wa bosi. Huyo sekretari ni mteja wangu mkubwa, ndiye aliyeniletea nusu ya wanawake wa viwandani. Na juu ya meza yake, jamani, ulikuwepo mkoba niliomuuzia mimi. Mmoja wa ile mingine.

"Nyabo," bosi akaniambia, yaani mama kwa Kiganda, "hii saa ni wewe ulinunua?"

"Ndiyo."

"Na ni orijino?"

Hapo ndipo. Hapo hapo! Ningesema "ni feki, bosi, feki ya mtandaoni", mume wangu angechekwa siku mbili tukaendelea na maisha yetu. Lakini sekretari alikuwa ameacha kuandika. Nikauona ule mkoba. Nikaona kesho yake sokoni, wanawake wamenizunguka kila mmoja na wake mkononi.

"Ni orijino," nikasema.

"Risiti iko wapi?"

"Aliileta ndugu yangu, yuko Dubai."

Sijui lilitoka wapi neno hilo. Nilijikuta limeshatoka! Afande aligeuka akanitazama. Jeshini alifundishwa kutobishana mbele ya mkubwa. Alinitazama tu, kisha akarudisha macho kwenye kofia yake.

Nyumbani aliivua saa akaiweka mezani kati yetu.

"Shemeji zangu mimi najua," akaanza. "Mmoja iko Kitale. Mwingine iko Nakuru. Huyu ya Dubai ni nani?"

"Hakuna mtu wa Dubai."

"Mwanzo ulisema ni pesa ya chama. Leo ni ndugu. Kesho itakuwa nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, chai haijapoa. Kwamba ni feki, kwamba nimeinunua kwa bei ya jozi mbili za viatu, kwamba niliogopa kwa sababu ya kibanda. Nililia mpaka pua ikaziba. Mnajua alinijibu nini?

"Wewe unafunika mtu."

"Afande, ni feki! Naapa!"

"Angalia mkono ya sekunde," akasema, akaisogeza kwangu. "Inaruka? Hairuki. Shika uzito. Iko nyepesi? Tarehe iko katikati. Ni wewe ulinifundisha, madamu. Na Hajji amesema."

Nilikimbilia simu nimwonyeshe mazungumzo. Nilikuwa nimeyafuta mwenyewe! Nikaingia kwenye kundi, muuzaji hayupo tena, ameondoka na jina lake. Afande alinitazama nikihangaika na ile simu, na kadiri nilivyohangaika ndivyo alivyozidi kuamini kwamba kuna kitu nakifuta. Usiku ule saa ililala pale mezani, hakuna aliyeigusa.

Asubuhi nilimshika mkono nikamwambia twende ifunguliwe. Tulikwenda Kisenyi kwa kijana wa kutengeneza simu na saa. Akafungua kifuniko cha nyuma, na ndani, jamani, hapakuwa na Uswisi hata kidogo! Kimashine kidogo kisicho na jina, na pembeni kimekabwa na duara la plastiki nyeupe kisichezecheze. Mimi niliyeikagua saa ile siku nzima nzima sikuwahi kufikiria kuona ndani yake.

"Madamu, nje ni bwana harusi, ndani ni boda boda," yule kijana akasema.

Afande alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakamtoka, akaniita mwongo mkubwa wa Nakawa. Nilidhani tumepona! Tulichukua saa hivyo hivyo, kifuniko kwenye karatasi, tukaenda moja kwa moja kwa bosi.

Bosi akamwita Hajji. Alikuja na kile kioo chake. Aliitazama saa iliyofunguliwa kwa muda mrefu, tena muda mrefu mno, na mimi nikauona uso wake ukibadilika. Alijua ni ile ile. Naapa alijua! Lakini nje ya duka lake kuna ubao wenye jina la baba yake na babu yake, na wateja wake wangesikia kwamba Hajji amedanganywa na plastiki.

"Hii siyo ile," akasema. "Ile nilishika juzi ilikuwa nyingine."

"Hajji, muogope Mungu!" nikapiga kelele.

"Nyabo," bosi akanikatiza, "jana hapa hapa uliniambia orijino. Leo unaniambia feki. Mimi nishike gani?"

Ningemlaumuje Hajji? Yeye alikuwa na ubao wake na mimi nina wangu, na sote wawili tuliulinda kwa kumkanyaga mtu mmoja. Afande alirudisha sare wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyemshitaki, ushahidi haukuwepo. Walimwachisha kazi tu, na barua yenye mistari miwili. Sasa analinda geti la duka la mabati Kisenyi, na kila gari la tajiri likiingia, yeye ndiye anayepiga saluti.

Lakini hilo silo linaloniua. Linaloniua ni alichoniambia tukitoka pale ofisini, barabarani, bila hasira.

"Bosi anasema saa ilibadilishwa. Mimi sikubadilisha. Ile usiku ililala kwa meza. Wewe ndiye uliamka kwanza."

Mnaona? Kichwani mwake kuna saa mbili sasa. Moja feki, tunayo sisi. Nyingine orijino, nimeirudisha kwa mwanamume wa Dubai! Nimeapa kwa Biblia, nimeapa kwa Kurani ya mama yake mzazi, nimempigia simu kila ndugu yangu mbele yake. Anaitikia kwa kichwa. Halafu nikitoka kwenda sokoni ananiuliza nitapita njia gani. Nikirudi anauliza kama foleni ilikuwa kubwa, na kumbe ameshamwuliza mtu wa boda.

Hajawahi kunipiga, wala hajaondoka. Anakaa na mimi, anakula chakula changu, na ananikagua.

Tumeoana miaka minne bila mtoto. Nilimeza dawa, nikaombewa, mawifi wakanisema mpaka wakachoka. Na mwezi ule ule nilipokuwa nimekata tamaa ya kila kitu, nikajua nina mimba. Nilitoka kliniki nikitembea kwa miguu, sikutaka hata kupanda gari, niliogopa furaha isimwagike. Nikamkuta Afande nje anapiga viatu rangi. Nikampa ile karatasi yenye picha.

Aliacha brashi. Alifuta mikono kwenye suruali. Akaichukua karatasi, akasimama, akaiinua kwenye mwanga.

Aliitazama picha. Akasoma jina langu, herufi kwa herufi. Akaangalia tarehe. Akaangalia muhuri kama umepinda, akageuza nyuma, akapapasa karatasi kwa kidole gumba. Kila hatua niliijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha. Na tarehe ile aliitazama kwa muda mrefu, midomo ikihesabu.

"Naona iko sawa," akasema mwishowe.

Niliingia ndani nikalia mdomo nimeuziba kwa kanga.

Yale maandishi mekundu pale kibandani nimeyafuta. Sekretari nilimfuata nikamwambia ukweli wa mkoba wake, akanitukana, nikashukuru. Nimekwenda hata kwa bosi mara ya pili, peke yangu, mlinzi wa geti akakataa kunifungulia.

Kwa hiyo ninyi mnaokaa na simu mkivuta picha kuona kama tarehe imekaa katikati, sikatazi mtu kununua. Vaeni, mtambe! Lakini ukimvalisha mtu wako, mwambie ni feki siku ile ile, angali anacheka. Usimwongezee la orijino ambalo hakukuuliza. Mimi naingia mwezi wa tano wa mimba, na ile karatasi ya kliniki Afande anatembea nayo mfukoni. Watu wanadhani ni upendo. Mimi namwona dirishani asubuhi akiitoa na kuiinua tena kwenye mwanga.