Mgongo wa Kisu

Kwetu Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, kisu kipya hakianzi kazi kabla mgongo wake haujasuguliwa juu ya jiwe hadi uwe laini na mviringo. Kidole gumba hukaa pale mtu anapomenya muhogo asubuhi nzima, na mgongo wenye kona humchubua. Nami kisu changu cha shamba nilikisugua hivyo hivyo nilipokinunua, bila kujiuliza.

Miaka ilipita. Rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi kwenye kambi ya gesi kule Palma alinipa kijiti cheusi cha madini, kinene kama kidole changu cha mwisho. Alisema kikikwanguliwa kwa chuma hutoa cheche hata kikiwa kimelowa. Nilikikwangua kwa mgongo wa kisu nikapata mchirizi tu. Nikageuza makali: cheche chache zikatoka, na makali yakaingia mapengo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba cheche ni za kijiti, si za kisu. Kisu hukwangua tu. Unga wa madini huwaka wenyewe ukikutana na hewa. Kilichotakiwa ni kona kali, na kona hiyo nilikuwa nimeiondoa mwenyewe.

Nilikibana kisu kati ya mbao mbili, makali chini, nikapiga tupa. Nilisukuma upande mmoja tu, polepole, chuma kisipate moto kikapoteza ugumu. Sehemu iliyo karibu na mpini niliiacha mviringo kwa ajili ya kidole. Sehemu ya kuelekea ncha niliifanya bapa, kingo zake kama za sanduku. Nilipoipitisha kwenye ukucha wangu ikatoa unga mweupe, nikaacha.

Bibi yake mke wangu, ambaye kwa utani wa kwetu ananihesabu mume wake, alikuwa akipepeta mchele hapo karibu.

"Mke mwenzangu," alimwita mjukuu wake, "njoo umwone mume wetu. Anakinoa kisu mgongoni."

Nilimwambia asubiri ataona. Akajibu kwamba tangu nimwoe hajafanya kazi nyingine.

Masika yaliyofuata sote watatu tulikuwa kwenye kibanda cha shamba la mpunga, upande wa Ruvuma, tukiamia ndege wasile punje. Mchana mmoja mvua ilishuka na upepo, maji yakaingia kibandani yakazima moto kwenye mafiga. Kiberiti kilikuwa kimelainika. Kila njiti iliacha kichwa chake ubavuni mwa boksi. Majirani ambao huwa tunawaomba kaa la moto walikuwa wamekwenda mjini. Bibi akarudi kutoka majarubani amelowa chapachapa. Mke wangu alimvua nguo, nami nikageukia ukutani. Hata alipokwisha kufunikwa kanga kavu, nilisikia meno yake yakigongana. Nilimtania, hakujibu. Hapo nikaogopa.

Nilikuwa na usufi mkavu kwenye mfuko wa plastiki, na kipande cha sandarusi, ile gundi ngumu ya miti inayochimbwa mchangani. Niliikwangua kwa kona ya mgongo wa kisu hadi unga wake ukaufunika usufi. Kisha nikasukuma kisu juu ya kijiti kwa pupa. Mkono ukaupiga usufi, mwingi ukaruka kwenye tope. Uliosalia ulitosha jaribio moja. Safari hii nilikikaza kisu bila kukisogeza, nikavuta kijiti kuja kwangu.

Cheche zilimwagika nyeupe, nyingi, zikianguka kana kwamba zina uzito. Katika giza lile la mawingu nikaona kila kitu: makuti ya paa, mikono ya mke wangu, macho ya bibi. Nilikuwa nimeshayasoma maelezo yote ya kijiti kile na kuyaelewa, lakini nywele zilinisimama kama mtu aliyeona kitu kikiumbwa mbele yake. Usufi ukashika, sandarusi ikainua mwali wa njano. Nikaulisha makumbi ya nazi, halafu vibanzi nilivyochonga kutoka kwenye moyo mkavu wa kuni.

Tulimsogeza bibi karibu. Baada ya kitambo alisema kwamba utotoni aliwaona wanaume wakipekecha moto kwa vijiti, jasho likiwatoka, moshi ukija kwa shida.

"Wale waliutafuta," alisema. "Moto huu ulikuwa wapi?"

Nilianza kumweleza habari za madini na hewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kabla hujavuta," akasema. "Huu moto ulikuwa wapi?"

Niliongeza kibanzi motoni. Mke wangu aliteleka maji ya uji. Bibi alinyoosha mikono kwenye joto, na vidole vyake vikaanza kukunjuka, kimoja kimoja.